Waya wa Tano

Ukiniuliza mwaka fulani nilikuwa wapi, sitakutajia namba. Nitakwambia dunia ilikuwa inafanya nini. Nilizaliwa juma lile binadamu walipotembea mwezini. Baba alikuwa ameinamia redio, mama anapiga kelele chumbani, na mkunga alipotoka kumwambia, "Mzee, umepata binti," baba akajibu, "Ngoja kwanza, wanashuka ngazi." Mama hakumsamehe mpaka alipomzika, na huo ulikuwa mwaka wa ile nyota yenye mkia. Ndivyo maisha yangu yalivyokwenda. Dunia ikipata lake kubwa, langu dogo hupita pembeni bila mtu kuliangalia. Mapenzi yangu nayo yalipita hivyo hivyo, na nakuomba usinionee huruma mpaka nimalize, maana huenda ukifika mwisho huruma yenyewe ikakuisha.

Jumanne ile ya Septemba nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Nilikaa kwenye mkahawa unaotazamana na jengo nililofanyia kazi usichanani. Zamani lilikuwa jengo la simu, sasa wanauza makochi. Nilikuwa namsubiri mwanamume niliyempenda miaka kumi na miwili na sijawahi kuuona uso wake.

Usicheke. Enzi zetu, ukitaka kumpigia mtu wa mji mwingine, ulipitia kwetu. Tulikaa wasichana kumi na wawili mbele ya ubao wenye matundu mengi. Ukichomeka waya tundu hili na lile, watu wawili wanaongea, ukichomoa, wamekatika. Hatukuruhusiwa kutaja majina, tulikuwa namba tu. Mimi nilikuwa Tisa. Na kwenye ubao wa mji wa pili, mwendo wa siku nzima kwa basi, alikuwepo kijana anayeitwa Kumi na Nne. Kila nikihitaji laini ya kule, yeye ndiye aliyepokea. Kwanza tulipeana laini, halafu tukapeana salamu, halafu utani, na kufika mwisho wa mwaka ule, bila sauti yake asubuhi chai ilikuwa hainishuki.

Nilimtambua hata kabla sijageuka. Alikuwa anamwuliza mwenye mkahawa, "Samahani dada, kuna mtu ananisubiri hapa?" Nikageuka.

"Kumi na Nne," nikasema.

Akasimama akinitazama. Akilini nilikuwa nimemjenga mrefu, kifua kipana, ndevu. Aliyekuja alikuwa mfupi, mwembamba, kofia mkononi, masikio makubwa. Nikasema moyoni, ndiyo maana alikuwa ananisikia vizuri.

"Tisa? Hee! Kumbe una uso."

"Ulidhani nina nini? Matundu?"

Akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile. Nilifumba macho nikisikilize, kwa sababu nilikuwa nimekizoea hivyo, bila mtu. Alipokaa alinishika mkono juu ya meza, akaugeuzageuza.

"Huu ndio uliokuwa unanichomeka na kunichomoa," akasema kwa utani.

Nikauvuta mkono, nikajifanya naweka sukari.

Tulikuwa tumerudiana kwenye simu tangu Aprili. Alikuwa ameitafuta namba yangu kwa watu watano, mtu wa sita akampa. Miezi mitano tuliongea kila Jumapili, na kila Jumapili nilijiambia, leo nitamwambia. Kila Jumapili nikakata simu sijamwambia.

"Nikueleze jambo kabla chai haijapoa," akasema. "Nisipolieleza leo nitakuwa nakuoa kwa uongo."

"Sema."

"Mke wangu sikumpenda. Alikuwa mwanamke mzuri, alinivumilia, amenizalia binti. Lakini nilimwoa kwa hasira, na hasira si godoro, huwezi kulalia miaka kumi. Alipougua nilikuwa nimeshatoka kwenye ubao, nimekuwa fundi wa mitambo. Unakumbuka mwaka elfu mbili unaingia, watu wanasema kompyuta zote zitakufa?"

"Nakumbuka. Jirani yetu alinunua mishumaa katoni tatu."

"Basi mafundi tuliambiwa tulale kazini siku ile, tulinde mitambo. Yuko hospitali, amenituma mtu mara mbili, njoo. Nikasema nitakwenda asubuhi. Mitambo haikufa, Tisa, hata taa moja haikuzimika. Yeye ndiye aliyekufa. Nililinda mashine zisizoumwa."

Nikamshika mkono mwenyewe sasa. Nitasema ukweli wote, hata unaoniaibisha: nilimhurumia, ndiyo, lakini chini ya huruma kulikuwa na furaha ndogo, chafu. Nilijiambia, huyu naye amewahi kuchagua kazi. Huyu atanielewa.

"Sasa sitaki tena kuchelewa," akaendelea. "Shangazi yangu anakuja kwenu Ijumaa kuzungumza. Binti yangu ameshaniuliza atakuita nani. Nyumba ipo, ina vyumba vitatu na ua wa nyuma. Neno langu ni moja tu."

"Lipi?"

"Mama yako asikae chini ya paa langu."

"Mama amepooza upande mzima. Mwaka wa pili huu."

"Najua, nampa pole. Tutamtafutia mtu wa kumlea, nitamhudumia kwa kila kitu. Lakini kumwona kila asubuhi, siwezi. Mtu aliyenifanyia vile?"

Unamsikia? Basi sikia na la mama. Asubuhi ile, nikimvalisha, alikuwa ameniambia kwa ule mdomo wake uliopinda, "Mlete huyo mhuni wako wa waya. Nikifa utabaki na nani? Kama nilimuudhi siku ile, nitamwomba radhi." Mama yangu, ambaye hajawahi kumwomba radhi hata daktari aliyemkanyaga mguu.

"Hebu nisimulie tena siku ile," nikamwambia. Nilikuwa nanunua muda.

"Unaijua."

"Nisimulie ulivyoisikia wewe."

Akavuta kiti karibu. "Mama yako alikuwa hanitaki. Alisema mume hapatikani kwenye waya. Wewe ukamlilia wiki nzima, akakubali niongee naye mara moja, Ijumaa, saa tisa, aje pale kwenu akae ndani ya kibanda cha wateja. Si ndivyo?"

"Ndivyo. Alivaa viatu vya harusini. Alishika mkono wa simu juu chini, nikaenda kumgeuzia."

"Na mimi nimemwahidi baba. Alikuwa ameshanitafutia mchumba, binti wa rafiki yake. Nikamwambia, baba, nipe mpaka Ijumaa. Mama yake akinikubali, nioe wangu. Akinikataa, naoa wako. Naye akasema sawa. Basi nikaunganishwa. Mama yako akasalimia vizuri kabisa. Halafu akauliza, 'Kijana, una nini cha kumpa mwanangu?' Nikafungua mdomo nijibu, nikasikia tuu, tuu, tuu." Akapiga meza kwa kidole mara tatu. "Aliuliza ili anikatie. Tusi gani kubwa kuliko hilo? Bora angesema sikutaki, nikajua moja."

Mama naye, alipotoka kibandani siku ile, alinijia moja kwa moja. "Nimemwuliza swali moja tu," aliniambia, "una nini cha kumpa mwanangu. Amenikatia." Nami nilisimama pale, kila mmoja wao akidhani mwenzake ndiye aliyemkosea, na anayejua ukweli ni mimi peke yangu.

Hapo ndipo mwenye mkahawa, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alipopiga kelele akiongeza sauti ya televisheni. "Jamani! Jamani njooni muone!"

Juu ya kaunta, mahali palipokuwa na mpira wa marudio, kulikuwa na jengo refu linatoka moshi. Watu wakaacha vikombe wakasogea. Mmoja akasema ni filamu. Mwingine akasema nyamaza wewe, soma hapo chini. Kumi na Nne akageuka kutazama, na nilimwona shavu, na sikio, na mvi tatu juu ya sikio. Nikajua kwamba nisiposema sasa, dunia itanifichia tena, kama ilivyozoea, na Ijumaa shangazi atakuja, na nitaolewa, na mama atapelekwa kulelewa na mtu baki kwa kosa langu.

"Mama hakukukatia," nikasema.

"Tisa, usianze kumtetea."

"Simtetei. Namtua mzigo niliombebesha."

Akanigeukia polepole. "Laini ilikatika yenyewe? Mimi ni fundi. Laini ikifa yenyewe inakwaruza kwanza. Ile ilichomolewa."

"Ilichomolewa."

"Na nani? Yule msimamizi wenu? Bi Kengele?"

"Bi Kengele hakuwahi kugusa waya. Aliogopa kuvunja kucha."

Akaitazama mikono yangu iliyoko mezani. Sikuificha safari hii.

"Siku ile ndiyo habari zilipofika kwamba ule ukuta wa Ulaya, uliogawa mji mmoja vipande viwili, umevunjwa," nikamwambia. "Kila mwenye mtoto anasoma kule alitaka kupiga. Magazeti yanataka laini. Ubao wote uliwaka taa. Bi Kengele akaingia anapiga makofi: nazitaka laini zote za mbali, chomoa za binafsi zote! Tukaanza kuchomoa, kushoto kwenda kulia."

"Na mimi nikawemo."

"Ukawemo."

"Ulijua ni wangu?"

Ewe msomaji wangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema sikujua, nyaya zilikuwa nyingi, mkono ulikwenda mbio. Angelia, angecheka, angenikumbatia mbele za watu. Nilikuwa nimeshadanganya miaka kumi na miwili kwa kunyamaza tu. Neno moja zaidi lingekuwa nini? Lakini alikuwa ameniambia la mkewe bila kujificha, na macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Nilijua," nikasema. "Ulikuwa wa tano. Nilikuwa nimekuchagulia waya mpya, ambao haukwaruzi, ili mama akusikie vizuri."

"Ungeniruka."

"Ningekuruka."

"Ungeweza?"

"Ningeweza. Namba Tatu alimruka shangazi yake aliyekuwa anaongea na daktari, na hakuna aliyemwuliza."

"Kwa nini basi?"

Kule mbele watu walikuwa wanashangaa kwa sauti. Ndege ya pili ilikuwa imeingia kwenye jengo la pili, mwanamke mmoja anasema mama yangu, mama yangu.

"Bi Kengele alikuwa nyuma ya kiti changu. Jumatatu walikuwa wanachagua msichana wa ubao wa ng'ambo. Mshahara mwingine, kiti chenye mgongo. Nikasema moyoni, dakika tano tu, nitamrudisha. Hazikuwa dakika tano. Laini zilijaa mpaka Jumatatu. Jumatatu nikakupigia, akapokea mwingine. Akaniambia Kumi na Nne amechukua likizo, anaposa."

"Na walikuchagua?"

"Nini?"

"Ubao wa ng'ambo. Walikuchagua?"

"Walinichagua."

Akacheka. Hakikuwa kile kicheko. Sikuwahi kukisikia hiki, na nisingependa kukisikia tena.

"Niliposa Novemba," akasema. "Nikaoa Juni, wiki za Kombe la Dunia, nusu ya wageni wako redioni. Novemba mpaka Juni ni miezi mingapi?"

"Saba."

"Miezi saba ulikuwa unajua niliko. Barua moja. Neno moja kwa yule mwenzangu: mwambie ni mimi niliyechomoa. Ningeivunja ile posa, ningekuja kwa miguu."

"Niliona aibu."

"Aibu!" Akalirudia neno kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Na tangu Aprili? Kila Jumapili namlaani mama wa watu, wewe upo upande wa pili, unasema mm, mm, pole. Kikulacho ki nguoni mwako. Waliosema hawakukosea."

"Nilitaka kukwambia uso kwa uso."

"Hapana. Ulitaka kuolewa kwanza."

Lilikuwa kweli.

Ningenyamaza pale, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini mdomo uliponza kichwa. Nikasema, "Wewe pia ulibaki kazini, Kumi na Nne. Mwaka elfu mbili. Unajua ilivyo mtu anaposema nitakwenda baadaye."

Aliichukua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Najua," akasema. "Ninajua kuliko mtu yeyote. Binti yangu ananiuliza, baba, kwa nini hukuja, nami naangalia chini. Mimi mwenyewe sijajisamehe, Tisa. Nitakusamehe wewe kwa msamaha upi?"

"Sikuombi leo. Chukua mwezi. Chukua mwaka."

"Yule mwanamke amelala kaburini hajui kwamba hasira za mume wake zilikuwa za bure. Miaka kumi namnunia kwa kosa lisilo lake. Kila nikimtazama nilikuwa namwona mama yako. Kumbe ningekuwa nakuona wewe." Akasimama. "Siwezi kukaa na wewe mezani nikala, nikijua yote haya yalinipata kwa sababu ya kiti chenye mgongo."

"Kaa kidogo. Kaa tu mpaka chai iishe."

"Imeshapoa."

"Basi nijibu moja." Nilimshika shati kwenye kiwiko, mtu mzima mimi, mbele za watu. "Mama alipokuuliza una nini cha kumpa mwanangu. Ulikuwa unataka kumjibu nini?"

Alifikiri. Naapa alifikiri kwa dhati, nilimwona akitafuta, paji la uso limekunjamana kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni.

"Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi," akasema. "Nilikaa nayo usiku mzima nikiisahihisha. Nikaichana siku ile ile." Akatikisa kichwa. "Sikumbuki tena."

Akautoa mkono wangu kwenye shati lake, taratibu, bila ubaya. Hilo ndilo lililonimaliza, ule upole.

"Mwambie mama yako anisamehe," akasema.

"Mwambie mwenyewe. Njoo Ijumaa."

"Mwambie wewe. Na mengine mwambie wewe."

Akavaa kofia, akapita katikati ya watu waliokuwa wameangalia juu, akiomba njia kwa sauti ile niliyoipenda: samahani kaka, samahani dada. Mlangoni hakugeuka. Nilimwona akivuka barabara mpaka kwenye duka la makochi, akasimama kidogo mbele ya dirisha lake la kioo, labda akilitazama jengo, labda akijifuta uso. Kisha lori likapita, na lilipomaliza kupita hakuwepo.

Nilikaa pale karibu saa nzima, chai ya baridi mbele yangu, ndipo nikaanza kulia. Si kulia kwa adabu kwa ncha ya kitambaa, la. Nililia kwa kwikwi, kamasi, mabega yote. Na wakati huo huo jengo moja likaporomoka kwenye televisheni na mkahawa mzima ukapiga yowe. Wanaume walishika vichwa. Msichana wa jikoni alikaa chini sakafuni. Hakuna aliyeona ajabu kwamba ninalia. Kijana nisiyemjua alinipa leso. Mwenye mkahawa alikuja akanikumbatia kichwa kwenye tumbo lake, aproni yake inanuka sabuni, akaniuliza, "Una mtu wako kule, mwanangu?"

Nikatikisa kichwa kuitikia. Mungu anisamehe na hilo.

"Masikini. Njoo. Njoo utumie simu yangu, usijali. Kule huwezi kupata sasa, laini zimejaa, lakini piga basi nyumbani, wasikie sauti yako."

Akaniongoza mpaka kwenye kaunta, akaniwekea simu mbele. Sikuwa na namba nyingine. Nikapiga nyumbani. Simu yetu iko kitandani kwa mama, upande wa mkono wake mzima.

"Amekuja?" Hakuniitikia hata salamu. "Redio inasema mambo mazito, lakini nimewaambia majirani wote waliojaa humu wanyamaze. Amekuja?"

"Alikuja, mama."

"Mpe simu. Nimejipanga maneno tangu asubuhi. Mpe kabla sijasahau."

"Ameondoka."

"Ameondoka wapi? Umemwambia nataka kumwomba radhi?"

"Mama." Nilishika kaunta. "Mama, siku ile hakukukatia. Wala yeye hakukatiwa na wewe. Ni mimi niliyechomoa. Nilijua ni nyinyi nikachomoa."

Nilisikia redio kule kwetu, na pumzi yake, ile ya upande mmoja yenye mluzi. Nikasubiri anitukane. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimeyaandalia matusi yake nafasi tangu nina miaka ishirini. Mwenye mkahawa alikuwa ananipapasa mgongoni, akisema, "Wako salama, eh? Wako salama?"



"Mama, unanisikia?"

"Nasikia," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Njoo basi unigeuze. Ubavu unaniuma."

Nikamwambia nakuja.